KOMPYUTA MPYA AU ILIYOTUMIKA: TUNUNUE IPI?

Msimu wa kuuza mazao ndio msimu wa kununua vitu. Zamani fedha ya pamba au kahawa ilinunua baiskeli, cherehani na redio. Siku hizi vitu hivyo bado vinanunuliwa, lakini kimeongezeka kimoja: kompyuta. Mtoto amechaguliwa kwenda chuo, na chuo kinataka kazi zichapwe. Kikundi cha akina mama kinataka kuweka hesabu zake vizuri. Kijana anataka kufungua kibanda cha kuchapa barua karibu na shule. Wote wanauliza swali moja: tununue mpya au iliyotumika?

Swali hili si dogo. Bei ya kompyuta moja ni magunia mengi ya mahindi. Familia ikinunua vibaya hailimi mara ya pili mwaka huo huo. Ndiyo maana tumeona tulifanyie somo. Lisomeni taratibu, na ikiwezekana lisomeni mkiwa kikundi. Mwishoni yapo maswali ya kujadili.

Wazee wetu watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na kizuizi hicho kilidumu mpaka miaka ya tisini. Leo kompyuta zinauzwa hata katika miji midogo ya wilaya. Basi kazi iliyobaki ni yetu sisi wanunuzi: kuchagua.

1. KWANZA TUJIULIZE: NI YA KAZI GANI?

Mkulima hanunui plau kabla hajajua shamba lake. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kabla ya kuuliza bei, kaeni nyumbani mjibu maswali haya:

(a) Nani ataitumia, na kwa kazi gani?
(b) Itatumika saa ngapi kwa siku?
(c) Umeme upo? Ni wa gridi au wa jua?
(d) Tuna fedha kiasi gani ambayo si ya mbegu, mbolea wala matibabu?

Kama kazi ni kupokea ujumbe, kutuma fedha na kusoma habari, simu uliyo nayo inatosha. Usinunue kompyuta kwa sababu jirani amenunua. Lakini kama kazi ni kuandika kurasa nyingi, kutunza hesabu za kikundi au kusoma chuoni, hapo kompyuta ina kazi yake.

2. MANENO YA KUJUA

Muuzaji atataja maneno mengi. Ukiyajua haya machache, hatakupoteza.

Kompyuta ya mezani ni ile yenye sanduku na kioo mbalimbali. Haina betri. Kompyuta mpakato ni ile inayokunjwa kama kitabu. Ina betri yake.

Prosesa ndiyo inayofanya kazi ya kufikiri ndani ya mashine. Ramu ni kama meza ya kazi. Meza ikiwa pana, mtu hufungua vitabu vingi kwa pamoja bila kubanana. Diski ni kama kabati. Humo kazi hukaa hata kompyuta ikizimwa. Ramu na diski hupimwa kwa gigabaiti.

Diski ziko za aina mbili. Ya zamani ina sahani inayozunguka ndani. Ni nzito, huenda polepole, na ikiangushwa huharibika upesi. Ya pili haina kitu kinachozunguka. Wauzaji huiita SSD. Hii ni ya kasi zaidi, nayo huvumilia mitikisiko ya basi na pikipiki. Kompyuta ile ile ya zamani, ikitolewa diski ya kuzunguka na kuwekwa SSD, huwaka na kufanya kazi upesi kuliko awali.

3. ZILIZOTUMIKA ZINATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kila kompyuta iliyotumika ni takataka ya Ulaya. Si kweli, lakini pia si uongo mtupu. Tutofautishe.

Kampuni kubwa na ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, mara nyingi mitatu hadi mitano, hata kama bado ni nzima. Hizo hununuliwa kwa jumla na wafanyabiashara, nazo hufika mpaka Kariakoo na miji mingine. Nyingi ni za aina zilizotengenezwa kwa kazi za ofisi, kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Hizi zilikuwa ghali zilipokuwa mpya. Bawaba zake ni imara, na vipuri vyake vinapatikana.

Kompyuta iliyokarabatiwa ni ile iliyofunguliwa, ikasafishwa, ikapimwa, sehemu mbovu zikabadilishwa, na diski ikafutwa. Mtumba ni ile iliyotolewa kwenye kontena na kuwekwa dukani bila kupimwa. Kwa macho zote mbili zinafanana. Tofauti utaijua kwa kupima na kwa karatasi ya dhamana. Muuzaji aliyeikarabati kweli haogopi kuandika miezi ya dhamana. Asiyejua kilichomo ndani husema tu, "Chukua mama, haina tatizo."

Ipo pia hatari ya tatu: mali ya wizi. Kompyuta inayouzwa barabarani, haina chaja, haina risiti, na inadai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iacheni. Mwenye mali anaweza kutokea, nanyi mkapoteza fedha na kuingia matatani na polisi.

4. KIPYA KINYEMI

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii inafaa sana kwa kompyuta.

Mpya ina faida zake. Betri yake ni nzima. Kwa kawaida ina dhamana ya mwaka 1. Hakuna mtu aliyeitumia vibaya kabla yako. Programu zake zitaendelea kupata marekebisho kwa miaka mingi ijayo.

Lakini mpya si lazima iwe bora. Madukani kuna kompyuta mpya za bei ya chini zenye prosesa dhaifu, kwa mfano zilizoandikwa Celeron, ramu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Katika nyingi za hizo, ramu na hifadhi vimechomelewa kwenye ubao wa ndani. Fundi hawezi kuviongeza. Baada ya kuweka programu chache, nafasi inakwisha na mashine inakokota miguu. Kompyuta ya ofisi iliyotumika miaka minne, yenye ramu ya gigabaiti 8 na SSD ya gigabaiti 256, inaweza kuwa na bei hiyo hiyo na kuishinda mbali.

Kwa hiyo neno "mpya" peke yake lisitutoshe, wala neno "mtumba" peke yake lisitutishe. Tusome kilichoandikwa.

5. TUSOME NAMBA

Hapa ndipo kisomo chetu kinapotulipa. Huna haja ya kujua Kiingereza ili kusoma namba.

Kompyuta nyingi zina prosesa za Intel. Jina la prosesa huandikwa hivi: i5-6300U, au i5-8350U, au i5-10210U. Tazama namba iliyo baada ya kistari. Ikianza na 6, hicho ni kizazi cha 6. Ikianza na 8, ni kizazi cha 8. Ikianza na 1, soma tarakimu mbili: 10210 ni kizazi cha 10, na 1135G7 ni kizazi cha 11. Kizazi kikubwa ni kipya zaidi. Kizazi cha 6 kilitoka mwaka 2015, na cha 8 mwaka 2017.

Mashine mpya zilizotoka tangu mwisho wa mwaka 2023 zimeanza kuandikwa kwa namna nyingine, kwa hiyo kwa hizo uliza. Na zile zenye prosesa za AMD zina hesabu yake, uliza pia.

Kwa nini kizazi ni muhimu? Kompyuta nyingi huendeshwa na programu kuu iitwayo Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilimaliza muda wake wa kawaida wa kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Bila marekebisho, mashine inayoingia kwenye intaneti ni kama nyumba ambayo komeo lake limelegea. Iliyofuata ni Windows 11, iliyotoka mwaka 2021. Hiyo inataka angalau ramu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda mbele.

Tangu hapo, ofisi nyingi za nje zina sababu ya kuziondoa kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7. Zinauzwa rahisi, na sasa mnajua sababu. Mafundi wengine huilazimisha Windows 11 iingie katika mashine hizo. Inaweza kuingia, lakini Microsoft haiahidi kuipa marekebisho.

Je, mashine hizo hazifai kabisa? Zinafaa kwa masharti. Ya kwanza, mnaweza kuitumia kuchapa tu bila kuiunganisha na intaneti. Ya pili, fundi anaweza kuweka programu kuu ya bure, kama Ubuntu, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu, nayo ni ya bure. Lakini kama mtoto anakwenda chuo, ulizeni kwanza programu gani zinatakiwa huko.

Angalizo: msisome kibandiko cha nje tu. Kibandiko hubandikwa. Mwambieni muuzaji aiwashe mashine na kufungua ukurasa unaoonyesha prosesa na ramu. Someni wenyewe.

6. BETRI NA UMEME

Betri ya kompyuta mpakato huchoka kadiri inavyochajiwa. Nyingi hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500 hivi. Kwa hiyo betri ya mashine iliyotumika tuitegemee kuwa imechoka mpaka tuhakikishe.

Katika Windows iko njia ya kupima. Muuzaji akiandika agizo hili, powercfg /batteryreport, kompyuta hutoa taarifa yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na uwezo wake wa sasa. Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000. Gawa 30,000 kwa 50,000, zidisha kwa 100. Unapata 60. Betri hiyo imebaki na asilimia 60 ya nguvu. Hapo una haki ya kuomba bei ipunguzwe, au betri ibadilishwe.

Sasa umeme. Kompyuta mpakato hutumia wati kidogo. Tuseme yako inatumia wati 40, nawe unaitumia saa 4 kwa siku. Kwa siku 30 ni 40 x 4 x 30, sawa na 4,800. Hizo ni uniti 4.8 za luku. Ya mezani pamoja na kioo chake, tuseme inatumia wati 150. 150 x 4 x 30 ni 18,000, yaani uniti 18. Kwa mwenye umeme wa jua tofauti hii ni kubwa sana. Tena umeme ukikatika, mpakato huendelea na betri yake, bali ya mezani huzimika papo hapo na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Jambo jingine la kusoma: umeme wetu ni volti 230. Umeme wa Marekani ni volti 120. Chaja nyingi za mpakato zimeandikwa 100-240V. Hizo zinafaa huku na kule. Lakini baadhi ya kompyuta za mezani na vioo kutoka Marekani ni za volti 120 tu, au zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua. Ukichomeka bila kusoma, moshi unatoka siku ya kwanza.

7. MAZUNGUMZO DUKANI

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima wa mahindi. Binti yake anakwenda chuo cha ualimu. Wameingia dukani.

Muuzaji: Shikamoo mama, karibu. Hii hapa mashine kali, imetoka Ulaya, kama mpya!
Mama: Marahaba mwanangu. Iwashe tuione.
Muuzaji: Inawaka hiyo mama, hata usiwe na wasiwasi.
Mama: Wasiwasi sina. Iwashe tu.
Muuzaji: Haya. Unaona? Inang'aa.
Mama: Nionyeshe namba ya prosesa. Mwanangu, soma hapo.
Binti: i5-6200U, mama.
Mama: Hiyo ni kizazi cha sita. Huyu anakwenda chuo, ataitumia miaka mitatu. Unayo ya kizazi cha nane?
Muuzaji: Mama, kumbe wewe mtaalamu! Ipo, ila imezidi laki moja na nusu.
Mama: Ilete. Na hiyo tuitoe chaja, tuone betri. Halafu binti aandike kwa kila herufi, tujue kama vibonye vyote vinafanya kazi.
Muuzaji: Sawa. Dhamana yangu ni miezi mitatu.
Mama: Iandike kwenye risiti, pamoja na namba ya mashine iliyoko chini hapo. Maneno ya mdomo hatutayaonyesha popote.

Ndugu wasomaji, mama huyu hakugombana na mtu. Aliomba kuona, akasoma, akataka maandishi. Asiyefanya hivyo huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukiwa dukani kagua pia haya: bawaba, madoa ya kioo, matundu ya kuchomekea waya, sauti, kamera, na kama inakamata intaneti isiyo na waya. Iache ikiwaka kwa nusu saa. Ikipata joto kali au kujizima yenyewe, iache. Nayo iliyotumika, taka diski ifutwe yote na programu ziwekwe upya mbele yako.

Daini risiti ya mashine ya kodi. Mkidanganywa na muuzaji akakataa kusikia, ipo Tume ya Ushindani, yaani FCC, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kupokea malalamiko ya walaji. Bila risiti hamna la kupeleka.

8. TUFANYE HESABU

Bei zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu. Wekeni bei za kwenu.

Iliyokarabatiwa:
Bei ya kununua: Sh. 450,000
Betri nyingine baadaye: Sh. 80,000
Fundi na usafi: Sh. 70,000
Jumla: Sh. 600,000
Ikidumu miaka 4, kila mwaka ni Sh. 150,000.

Mpya nzuri:
Bei ya kununua: Sh. 1,200,000
Ikidumu miaka 6, kila mwaka ni Sh. 200,000.

Mpya dhaifu:
Bei ya kununua: Sh. 600,000
Ikichosha baada ya miaka 3, kila mwaka ni Sh. 200,000.

Mtumba usiopimwa:
Bei ya kununua: Sh. 300,000
Ikifa baada ya mwaka 1, mwaka huo mmoja umekula Sh. 300,000.

Mnaona? Iliyokuwa rahisi siku ya kununua ndiyo imekuwa ghali kuliko zote. Lakini tazameni pia jambo ambalo hesabu hii haisemi. Mpya nzuri inadai Sh. 1,200,000 kwa mkupuo. Kama ili kuipata lazima mkope kwa riba, au muuze chakula cha watoto cha miezi ya masika, basi hiyo si yenu mwaka huu. Shamba likikosa mbolea, kompyuta haitailisha nyumba.

9. TUAMUE VIPI?

Sisi kwa maoni yetu tunashauri hivi.

Nunueni mpya kama fedha ipo bila kukopa, kazi ni ya kila siku na ya kutafutia riziki, duka la dhamana linafikika, na mashine yenyewe si ile dhaifu tuliyoitaja.

Nunueni iliyokarabatiwa kama fedha ni ya kubana, ni ya mwanafunzi au ya hesabu za kikundi, yupo fundi mnayemwamini, na muuzaji anaandika dhamana. Iwe ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ramu ya gigabaiti 8, na diski ya SSD.

Subirini kama hamna fedha ya kutosha hata kwa iliyo nzima. Miezi sita ya kuweka akiba ni bora kuliko miaka miwili ya kumfuata fundi.

Na ikifika siku imekufa kabisa, msiichome moto wala kuitupa kisimani. Ndani yake mna madini yenye sumu, kama risasi. Nchi za Afrika zilikubaliana mjini Bamako, Mali, mwaka 1991, kuzuia taka za sumu zisiletwe barani kwetu. Itakuwa aibu tuzizuie bandarini kisha tuzichome uani. Mpeni fundi achukue vipuri, au ulizeni ofisi ya kata au wilaya mahali pa kuzipeleka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Prosesa imeandikwa i5-7300U. Ni kizazi cha ngapi? Je, inafaa kwa mwanafunzi wa chuo? Toa sababu.
2. Betri ilipokuwa mpya ilikuwa na uwezo wa 48,000. Sasa ina 36,000. Imebaki asilimia ngapi?
3. Kikundi chenu kina Sh. 700,000. Mtachagua ipi, na mtabakiza kiasi gani cha matengenezo?
4. Taja mambo manne ambayo lazima yaandikwe kwenye risiti au karatasi ya dhamana.
5. Nani katika kijiji chenu amewahi kununua iliyotumika? Mwalikeni awaeleze alivyopata faida au hasara.